Nyuzi za Kupimia Upinde wa Iorwerth

Jumamosi, 11 Aprili

Leo nimeurusha upinde wa kaka yangu majanini mbele ya watu kumi na wanane na kondoo wasio na idadi.

Sikukusudia. Miaka ishirini na miwili nimepiga upinde wa kisasa, ule wa chuma wenye ncha zilizopindwa kwenda mbele, na huko tunafundishwa kutoshika. Unausukuma kwa shina la kidole gumba, vidole vimelegea, na mshale ukishatoka upinde unajirusha wenyewe mbele mpaka uzuiwe na kikamba cha vidoleni. Leo hakukuwa na kikamba. Niliachia mshale, nikalegeza vidole kwa adabu zote nilizofundishwa, na upinde mrefu wa Iorwerth ukaruka hatua mbili ukalala kwenye mavi ya kondoo.

“Posta!” akapaza sauti Emrys Pugh, mchonga pinde wetu. “Barua imefika, na bahasha nayo!”

Nilisambaza barua katika bonde hili miaka thelathini na mmoja, na Emrys ana sabini na minne na hajachoka kunikumbusha. Watu walicheka mpaka Non, mwenye kitabu cha chama chetu cha upinde na birika la chai, akanionea huruma akanipa kitambaa cha kuufutia. Anayeangusha upinde huleta mkate wa matunda makavu wiki inayofuata. Sawa, nitaoka.

Lakini si mkate unaoniuma. Desturi ya hapa Cwm Ywen haina huruma. Mpiga upinde akifa, mtu wa nyumba yake hupewa msimu mmoja na upinde wake. Jumamosi ya mwisho ya Septemba anasimama peke yake, hatua themanini, na mishale mitatu. Yote mitatu ikikaa kwenye duara la majani makavu, upinde unabaki nyumbani. Mmoja tu ukipotea, unakwenda kwa jina linalofuata kitabuni.

Iorwerth alikufa Novemba, moyo ulisimama akibeba nyasi za kondoo wake. Nyumba yake ni mimi peke yangu. Tulikuwa tumenuniana miaka sita kwa sababu aliuita upinde wangu mashine ya kufulia. Sasa nautaka upinde wake kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na hapa naweza kuandika hivyo maana hakuna anayesoma.

Jumatatu, 13 Aprili

Emrys anasema upinde umekauka kwa kukaa ukutani majira yote ya baridi. Anataka ulale kwenye karakana yake kila Jumatatu hadi Alhamisi, aupake nta na mafuta.

“Mbona Iorwerth hakuwa akikuletea?”

“Iorwerth hakuwa na maswali mengi.”

Nikamwachia. Mchawi mpe mwana akulelee. Lakini nimekumbuka kwamba si kila aliyempa alirudishiwa.

Alhamisi, 16 Aprili

Umerudi. Unanukia nta. Nimeukagua wote kwa miwani, sijaona kitu.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimepata walimu wawili na kila mmoja anasema mwenzake ananipoteza.

Hefin alikuwa daktari wa meno, na bado anaongea kama mtu aliyezoea kuwaambia watu kwamba haitauma. “Dada Delyth, usitupe ulichokijua miaka yote hiyo. Endelea na kiganja wazi, halafu mshale ukitoka uukumbatie upinde kidogo usianguke. Mkono una kumbukumbu zake.”

“Kumbukumbu za mashine hizo,” akadakia Emrys bila kuitwa. “Shika unavyobeba mkoba wa barua. Kiganja chote kitulie, vidole vitatu vya chini vikaze, kidole gumba kilale tu. Na kiwiko usikinyooshe kama fimbo, kamba itakuchuna ngozi.”

“Nimeubeba mkoba wa barua miaka thelathini na mmoja, sikuubeba uje uwe mzaha wako.”

“Nani kafanya mzaha?”

Wote walikuwa wanacheka.

Nimejaribu vyote viwili. Mshiko wa Emrys haushikiki. Iorwerth alikuwa na mikono kama majembe, na mshikio wa upinde wake ni mnene kiasi kwamba vidole vyangu havikutani na gumba. Nikikaza, upinde unazunguka kiganjani na mshale unakwenda kutembelea shamba la jirani. Kwa mshiko wa Hefin nimeingiza miwili kati ya sita. Basi nani mkweli?

Tena Emrys ana makelele. Kwenye upinde wangu wa chuma kuna kibati chembamba; ncha ya mshale ikikipita kinalia tik, na mpaka kilie unasubiri. Hapa hakuna kibati, lakini mwili wangu bado unakisubiri. Basi kila nikifika mwisho wa kuvuta, nasikia nyuma yangu: “Achia!”

Nikamwambia ananivuruga.

“Upinde wa mti ukivutwa mpaka mwisho umebakiza kidogo tu kuvunjika,” akasema. “Si mahali pa kuvutia pumzi. Achia!”

Mtu anayetaka uingize shabaha hakupigii kelele sikioni.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Hakuna aliyepiga. Mkate wangu umeliwa wote, Emrys vipande vinne.

Jumamosi, 9 Mei

Leo nimekiona kitabu. Non alikiacha wazi mezani akaenda kuchemsha maji, na jicho halina pazia. Chini ya jina la Iorwerth, kama anayefuata: Emrys Pugh. Kwa mwandiko wake mwenyewe. Tarehe ni ya wiki moja baada ya mazishi.

Wiki moja! Udongo ulikuwa haujakauka.

Na mimi kila Jumatatu nampelekea upinde kwa mikono yangu miwili, kama mjinga anayempelekea fisi mbuzi amchungie.

Jumatatu, 11 Mei

Nikisema simpi, atajua nimejua. Nimempa. Lakini kabla ya kutoka nilikata uzi wa kufungia vifurushi, ule mgumu niliobaki nao wa posta, urefu wa mkono. Nikauzungusha kwenye mshikio na kupiga fundo pale ulipokutana. Uzi upo kwenye msumari jikoni, karibu na kalenda. Hatanidanganya mtu aliyepima vifurushi maisha yake yote.

Alhamisi, 14 Mei

Nimepima. Sawasawa. Labda mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Alhamisi, 21 Mei

Si sawasawa. Uzi mpya umekuja mfupi kuliko wa kwanza kwa upana wa punje ya mchele. Ngozi ya mshikio imeshonwa upya, mishono midogo na safi. Nilipouliza akasema ya zamani ilioza. Mbona hakuniambia mpaka nilipouliza?

Jumamosi, 30 Mei

Kondoo kaingia uwanjani, tumemsubiri nusu saa. Emrys kanitazama mkono wakati wote. Si uso. Mkono.

Alhamisi, 11 Juni

Uzi wa nne, fundo la nne. Umepungua tena.

Nilimdokeza Non, bila kutaja nyuzi. “Shoga,” akaniambia, “Emrys akikwangua kitu ana sababu.”

“Mwizi naye ana sababu.”

“Na Hefin je? Yeye humshuku?”

“Hefin ana maneno ya kiungwana.”

“Maneno ya Hefin ni matamu kwa sababu kazi yake ilikuwa kung’oa.”

Non na Emrys walisoma darasa moja. Huyo naye nimemweka pembeni.

Jumamosi, 27 Juni

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumamosi, 11 Julai

Jambo limetokea ambalo sijui niliweke wapi. Nilikuwa nimechoka, nikausahau mshiko wa Hefin. Nikaushika upinde ovyo, kama mtu anayetaka kwenda nyumbani, na vidole vyangu vikakutana na gumba. Vikakaa. Upinde haukuzunguka. Mishale mitano kati ya sita.

“Ndiyo hivyo, Posta,” akasema Emrys taratibu.

Nimerudi nyumbani nina furaha, nikafika jikoni nikaziona nyuzi, furaha ikaisha. Upinde mwembamba unanifaa, hilo silikatai. Lakini mvuvi naye humpa samaki chambo kizuri. Nani amesema hauna siku ya kukatika? Ukikatika Septemba mkononi mwangu, nitakuwa nimeuvunja mimi, na yeye atabeba vipande akachonge mwingine, na watu watasema maskini Delyth, hakujua kushika.

Hefin ananiambia nisiuamini mshiko ule, ni bahati tu. Naona naye amenuna kidogo.

Jumamosi, 25 Julai

Sita kwa sita. Kiwiko kimechunwa na kamba, nimeweka jani baridi la kabichi kupunguza uvimbe.

Alhamisi, 6 Agosti

Nilimkuta Emrys hajamaliza. Aliufunika upinde kwa gunia haraka, mzee mzima, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Kwenye aproni yake kulikuwa na vumbi la rangi ya chungwa.

Ngozi haitoi vumbi la rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni moyo wa mti unaopandwa makaburini huku kwetu, mti wenyewe wa upinde.

Niliuchukua upinde nikarudi nao nyumbani. Nimepima: fundo la nane.

Jumatatu, 10 Agosti

Sikumpelekea. Akaja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi.

“Leo huleti?”

“Leo sileti. Wala Jumatatu nyingine.”

Nilitegemea abishe. Akaangalia viatu vyake. “Sawa,” akasema. “Kazi imekwisha hata hivyo.”

Kazi gani? Nilibaki nimesimama nyuma ya mlango mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 29 Agosti

Nne kwa sita. Nashika kwa woga, nikisikiliza kama mti unalia. Haulii. Emrys anasema “achia” kwa sauti ndogo siku hizi, na ndogo hiyo inaniudhi zaidi kuliko ile kubwa.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimeota Iorwerth amesimama uwanjani na mashine ya kufulia. Mvua.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimefanya. Nilikaa na kisu kidogo mezani nikakata mshono mmoja baada ya mwingine, nikaivua ngozi.

Chini yake mti umekwanguliwa kwa tupa pande zote mbili na kupakwa nta juu yake. Ile sehemu aliyoshika kaka yangu miaka thelathini, iliyokuwa nyeusi kwa jasho lake, haipo. Imekuwa vumbi kwenye aproni ya Emrys Pugh. Nililia, na sikulia siku ya mazishi.

Ngozi imechanika nikiivua, mtu hawezi kuirudisha. Basi iwe hivyo. Jumamosi watu wote wauone mti ukiwa uchi.

Jumamosi, 26 Septemba

Naandika yote, hata kama mkono unauma.

Wote walikuwepo, na wa bonde la pili pia. Kulikuwa na jua, jambo geni. Non alikuwa amepanga vikombe. Nilikwenda moja kwa moja hadi meza ya chai, nikauweka upinde bila ngozi katikati ya sahani, na pembeni nikamwaga nyuzi zangu nane zenye mafundo.

“Emrys Pugh,” nikasema, “waambie watu umefanya nini na upinde wa marehemu.”

Alikuja taratibu, akazitazama nyuzi, akaziokota moja moja akizilinganisha. Nikaona ameelewa.

“Ulikuwa unanipima,” akasema.

“Tangu Mei.”

“Vizuri. Umepima vizuri kuliko mimi.” Kisha akawageukia watu. “Nimeukwangua, ndiyo. Kwa tupa. Mara nane.”

Minong’ono ikaanza. Hefin akasema kwa sauti yake laini kwamba hilo ni jambo zito, zito sana.

“Na jina lako liko kitabuni,” nikasema. “Uliandika wiki moja baada ya kumzika!”

“Niliandika.”

“Kwa hiyo unautaka!”

“Nautaka!” Sauti ilimtoka mpaka mbwa wa Non akainuka. “Mti ule niliungojea miaka kumi na minne ukikauka darini kwangu. Niliuchonga nikiwa na nguvu, nikamuuzia kaka yako kwa sababu nilikuwa na mtoto mgonjwa, na toka siku hiyo sijachonga mwingine kama huo. Kila Jumamosi miaka thelathini namwona mtu mwingine anauvuta. Unaniuliza kama nautaka?”

Nilijiandaa kwa mtu atakayekana.

Non akaweka birika chini. “Emrys,” akasema, “nyoosha mkono wako.”

“Achana na hayo.”

“Nyoosha.”

Akaunyoosha. Hapo ndipo nilipoutazama kwa mara ya kwanza, mimi niliyejidai naona kila kitu. Ni mkono mrefu kuliko hata wa Iorwerth, na kiganja kama sahani ya nyama. Non akamwekea upinde ndani yake. Vidole vyake vikauzunguka vikapitiliza, kucha zikamchoma kiganjani.

“Sasa uvute,” Non akasema, “utuonyeshe unavyoutaka.”

“Siuvuti. Nimeupunguza kiunoni, hapa pa kushikia. Kwa mkono mrefu kama wangu, unaovuta mbali zaidi, utakatika.” Akanirudishia upinde bila kunitazama. “Kwa mkono wako utadumu mpaka ukuzike.”

Mtu anayeutamani upinde miaka thelathini, akingojea mimi nikosee mshale mmoja tu, alikuwa ameukwangua usimfae kabisa. Na aliamua hivyo tangu mwezi wa nne, siku nilipouangusha kwenye mavi ya kondoo.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungekubali niguse upinde wa kaka yako kwa tupa?”

“Nisingekubali.”

“Ningekufundisha mshiko gani basi? Ule wa mkoba ndio wa upinde huu, hakuna mwingine, na mshikio ulikuwa mnene kama nguzo. Ningeupata upinde kwa sababu ulishika vibaya, na mimi nilijua ni kwa nini, ningelala usingizi gani?”

Asante ya punda mateke, na punda leo nilikuwa mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Emrys hakusubiri. “Utapigaje na mti uchi? Utateleza.” Akatoa kipande cha ngozi mfukoni na donge la nta. Akatafuta uzi, hakuwa nao. Akatazama meza, akachukua nyuzi zangu zote nane.

Akazipitisha kwenye nta moja moja akafunga ngozi, zamu kwa zamu, akivuta kwa meno.

“Mafundo yatatokeza,” nikasema.

“Yaache yatokeze. Yatakuonyesha vidole vikae wapi.”

Kisha nikasimama peke yangu kwenye mstari.

Mshale wa kwanza uliingia kushoto, ukakaa. Nilishika kama mkoba siku ya mvua, wakati unajua umebeba kitu cha mtu na hakitakiwi kulowa. Mafundo niliyahisi chini ya vidole, yote nane.

Wa pili uliingia katikati. Hefin akapiga makofi mapema, Non akamfinya.

Wa tatu nilivuta mpaka mwisho nikasimama. Woga ulinirudisha kwenye chuma. Nilikuwa nasubiri tik. Nikajua kabisa kwamba haitakuja, na bado nilisubiri, na mti ukaanza kutetemeka kwenye kiganja. Nikangoja sauti ya Emrys. Msimu mzima ameniimbia neno moja, na leo kimya.

Nikawaza, mnaona, anataka uvunjike. Ndivyo nilivyowaza, hata baada ya yote yale! Wazo halikudumu. Alinyamaza kwa sababu jina lake lilikuwa kitabuni. Angepaza sauti nami nikakosea, bonde zima lingesema alinikosesha makusudi. Nilikuwa nimemfunga mdomo mimi mwenyewe, mezani, mbele ya watu.

“Achia,” nikajiambia kwa sauti.

Ukaenda chini mno. Niliuona ukishuka na nikafumba macho. Nikasikia Non akikimbia, Non asiyekimbia hata basi. Ulikuwa umeshika ukingo wa chini wa duara, nusu ndani ya majani, unaning’inia. Akauwekea kiganja chini bila kuugusa, tukangoja. Haukudondoka.

Non akafungua kitabu na kumpa Emrys kalamu. Akalikata jina lake mwenyewe kwa mstari ulionyooka, akapuliza wino, akaomba kipande cha mkate. Nilimkatia. Nikamwambia nisamehe, kwa maneno hayohayo, watu wakisikia. Akasema mkate wangu ni mkavu.

Jumatatu, 28 Septemba

Mvua imerudi. Upinde wa mti hautakiwi kukaa jikoni kwangu majira ya baridi, kuna mvuke wa supu. Nimeupeleka kwa Emrys aukalishe darini kwake, mahali uliposubiri ile miaka kumi na minne.

Akaupokea kwa mikono miwili. Akauangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nami nikamwachia aangalie.

Kabla sijatoka nilikohoa, nikatoa uzi mpya mfukoni. Yeye akacheka, akainama, akanishikia ncha.